Kipimo cha ngozi kinasema sina TB, cha damu hakikutoa jibu: nianze sindano ya viungo?

Swali

Shikamoo daktari. Nina miaka 46, naishi Tanga. Baridi yabisi ile ya kinga kushambulia viungo iko nami mwaka wa nane sasa. Nameza methotreksati kila Ijumaa na prednisoloni 15 mg kila asubuhi, lakini vidole bado vinavimba na kiwiko cha kulia hakinyooki. Daktari wangu anataka kunianzishia sindano ya adalimumabu, akasema nipimwe TB kwanza. Mimi sikohoi. Kipimo cha ngozi kilisoma milimita 3, nikaambiwa sina TB. Wiki iliyofuata cha damu kikarudi na maneno kwamba jibu halikupatikana. Picha ya kifua wanasema ni safi. Nilipokuwa darasa la pili nililala chumba kimoja na bibi yangu, alikuwa na kikohozi kirefu na alifariki nikiwa darasa la nne. Je, nina TB au sina? Na kuna haja gani ya haya yote wakati ninaumwa mikono?

Jibu

Marahaba, dada yangu. Pole sana kwa vidole na kiwiko. Nakushukuru kwa kumtaja bibi. Wengi wanaoniletea majibu kama yako huja na karatasi za maabara peke yake, na wagonjwa wa nyumbani kwao wanawakumbuka nikiwauliza mara ya tatu. Kwangu mimi, habari ya chumba ulicholala na bibi ina uzito kuliko hizo milimita 3.

Jibu fupi ni hili. Kwa ulivyoeleza, sioni dalili kwamba unaumwa TB leo. Lakini vipimo vyote viwili havijaonyesha kwamba huna TB iliyolala. Cha ngozi kimefanywa kwa mtu ambaye kinga yake imepunguzwa nguvu na dawa, kwa hiyo hasi yake haiwezi kuaminiwa kama hasi ya mtu mzima wa afya. Cha damu hakikusema huna. Kilisema hakikuweza kusoma. Sindano isianze kwanza. Dawa unazomeza usiziache. Kuna kazi ya wiki chache katikati, na ninakuomba uifanye hata kama mikono inakusihi uharakishe.

Sasa kuhusu haja ya haya yote. TB tunayoijua mitaani ni ile ya mtu aliyekonda, anakohoa, shuka limelowa jasho. Hiyo imeshaamka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu robo ya watu duniani wameambukizwa bakteria wa TB, na katika watu 100 walioambukizwa, watakaougua maishani ni kama 5 hadi 10. Waliobaki wanazeeka na bakteria wao ndani, hawakohoi, hawamwambukizi mtu. Bakteria hawakufa wote. Wamezingirwa.

Chukulia zizi la miiba. Chembe za kinga zinajipanga kuwazunguka bakteria, safu kwa safu, na kemikali moja ya mwili iitwayo TNF ndiyo inayozishikilia zisitawanyike. Kwa bahati mbaya TNF hiyohiyo, ikizidi kwenye viungo, ndiyo inayovichoma na kula mifupa ya vidole vyako. Adalimumabu kazi yake ni kuizima. Viungo vinapoa, na wakati huohuo miiba ya zizi inalegea.

Hili tulijifunza kwa gharama. Dawa ya kwanza ya kundi hili kuidhinishwa Marekani kwa ugonjwa wa Crohn, ule wa utumbo, infliksimabu, iliingia sokoni mwaka 1998, na mwaka uliofuata ikaruhusiwa kwa baridi yabisi. Mwaka 2001 ikachapishwa taarifa ya watu 70 walioumwa TB baada ya kuianza. Watu 48 kati yao waliugua baada ya dripu tatu au pungufu. Kasi hiyo inaeleza kitu: kwa wengi wao hawakuwa wameambukizwa juzi barabarani, ni bakteria wa zamani walioamka. Katika hao 70, watu 40 TB yao ilikuwa nje ya mapafu, na 17 ilikuwa imesambaa mwilini. Na 64 walitoka nchi ambazo TB ni nadra. Nikisoma takwimu hiyo huwa nafikiria sisi wa pwani hii, ambako ni vigumu kupata ukoo usio na mtu aliyewahi kukohoa.

Hispania walikuwa na daftari la kitaifa la wagonjwa wanaotumia dawa hizi, linaitwa BIOBADASER. Walipoona TB inapanda, wakaweka masharti mwaka 2002: kila anayeanza apimwe, na mwenye TB iliyolala apewe tiba ya kinga kwanza, yaani dawa za kuzuia isiamke. Visa vipya vikapungua kwa asilimia 78. Baadaye wakachunguza ni nani walioendelea kuugua, wakakuta kwamba pale ambapo masharti hayakufuatwa yote, uwezekano wa kuugua ulikuwa mara 7 zaidi. Sharti lililorukwa kuliko mengine lilikuwa kukirudia kipimo cha ngozi pale cha kwanza kinapokuwa hasi. Ndipo ulipo wewe sasa.

Nikueleze kipimo hicho kinavyosomwa, kwa sababu nimeona kikisomwa vibaya mara nyingi. Fundi anaingiza mililita 0.1 ya maji yenye protini za bakteria wa TB ndani ya ngozi ya mkono, upande wa ndani, mpaka kitokee kipele cheupe kama cha kuumwa na mbu. Unarudi baada ya saa 48 hadi 72. Kinachopimwa ni ugumu, si wekundu. Mimi natumia kalamu ya wino: naishika wima kidogo, naisogeza taratibu kutoka kwenye ngozi ya kawaida kuelekea katikati, na pale ncha inapokwama ukingoni mwa uvimbe, naweka alama. Narudia upande wa pili. Kisha rula inalazwa kukatisha mkono, si kuufuata kwa urefu, na milimita kati ya alama mbili ndizo zinazoandikwa. Mtu mwenye wekundu wa milimita 20 anaweza kuwa na uvimbe wa sifuri. Na mwenye ngozi nyeusi kama yetu anaweza kuwa na uvimbe wa milimita 8 ambao jicho halioni, kidole ndicho kinachoupata. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwako: walikugusa, au walitazama tu? Na ulirudi siku ya ngapi?

Kwa mtu kama wewe, anayetumia dawa za kupunguza kinga, milimita 5 tayari ni chanya. Si 10 kama kwa wengine. Milimita zako 3 hazikufika. Lakini kipimo hiki hakimtafuti bakteria. Kinaiuliza kinga: unawakumbuka hawa? Kinga ikiwa imelewa dawa, haijibu hata kama inawakumbuka. Prednisoloni ya kuanzia 15 mg kwa siku, kwa mwezi au zaidi, inatosha kuizima hiyo kumbukumbu, na wewe uko palepale kwenye 15. Ugonjwa wenyewe pia unachangia. Peru, nchi yenye TB nyingi, walilinganisha wenye baridi yabisi na wasio nayo: waliokuwa nayo, 7 kati ya 10 ngozi yao haikufika milimita 5, wasio nayo, ilikuwa karibu robo tu. Bakteria hawakuwakwepa wagonjwa wa viungo. Ngozi zao ndizo zilizonyamaza.

Wengine wataniuliza kuhusu BCG, ile chanjo tuliyochanjwa utotoni na kutuachia kovu. Ni kweli inaweza kuleta chanya ya uongo kwenye ngozi, ingawa ikichanjwa uchangani nguvu hiyo hufifia sana mtu akishapita miaka kumi. Kwako shida iko upande wa pili: huna chanya ya kuitilia shaka, una hasi.

Tuje kwenye damu. Vipimo vya damu vya namna hii huitwa IGRA, na kinachotumika zaidi ni QuantiFERON, na toleo la sasa lina vichupa vinne. Kifuniko cha kijivu ni damu tupu, isiyotiwa chochote. Cha kijani na cha njano vina protini za bakteria wa TB ambazo chanjo ya BCG haina, ndiyo maana kovu lako halikidanganyi. Cha zambarau kina kichokozi kinachoamsha chembe za kinga za mtu yeyote, awe na TB au asiwe nayo. Damu inakaa joto la nyuzi 37 kwa saa 16 hadi 24, kisha wanapima ni kiasi gani cha intaferoni gama, kemikali ambayo chembe za kinga hutoa zikichokozwa, chembe zako zimetoa katika kila kichupa. Vichupa vya TB vikizidi kile tupu kwa 0.35 au zaidi, ni chanya, mradi kile tupu chenyewe kisiwe kimepanda mno.

Cha zambarau ndicho mlinzi wa kipimo kizima. Kama hata humo chembe zako hazikuitika, yaani tofauti na kichupa tupu haikufika 0.5, na vichupa vya TB navyo viko chini, maabara haina haki ya kuandika hasi. Inaandika jibu halikupatikana. Maana yake tuliita jina, hakuna aliyeitika, na hatujui kama hayupo au amelala. Nakuomba urudi kuomba karatasi yenye namba, siyo ile yenye neno moja. Kama tatizo ni kichupa cha zambarau kuwa chini, sababu ni mbili: kinga yako imebanwa na dawa, au damu ilishikwa vibaya. Kuna njia ya tatu ambayo ni nadra: kichupa tupu kuwa juu kupita 8, yaani chembe zinatoa intaferoni bila kuulizwa, na hapo pia jibu halipatikani.

Hiyo ya damu kushikwa vibaya isidharauliwe. Kila kichupa kinataka mililita 1, na kikishajaa kinatikiswa mara kumi kwa nguvu hadi ukuta wake wa ndani wote ulowe damu, kwa sababu dawa ya kipimo imepakwa ukutani. Kikitikiswa kwa huruma, dawa inabaki ukutani. Vikitolewa damu asubuhi vikakaa dirishani kwa mapokezi hadi kesho yake, chembe zinakufa. Vinatakiwa viingie kwenye joto la 37 ndani ya saa 16. Kama damu yako ilitoka Tanga kwenda kupimwa Dar, uliza tu kwa heshima: iliingia kwenye mashine ya joto saa ngapi? Si kumlaumu mtu. Ni kujua kama tunarudia kwa sababu ya kinga yako au kwa sababu ya safari.

Kuna IGRA nyingine, T-SPOT. Yenyewe inazihesabu chembe kwanza na kuweka idadi ileile katika kila kitundu cha sahani ya kipimo, kwa hiyo mtu mwenye chembe chache hapotezi jibu kirahisi. Haipatikani kila mahali. Ukiipata, nitaifurahia, lakini usisafiri nchi nzima kuitafuta.

Sasa picha ya kifua. Picha safi ni habari njema, na bado haisemi huna TB iliyolala, kwa sababu wengi wenye nayo picha yao ni safi kabisa. Kinachotafutwa ni alama za kale: kovu juu ya pafu, tezi iliyogeuka chokaa, utando wa pafu uliokuwa mnene. Ukikutwa na kovu la namna hiyo na hukuwahi kutibiwa TB, mimi sihitaji tena ngozi wala damu kuniambia nifanye nini. Picha yako na iangaliwe na mtu aliyeambiwa habari ya bibi. Mwandishi wa ripoti aliyeandikiwa "maumivu ya viungo" anaangalia kitu kimoja, aliyeandikiwa "aliishi na mgonjwa wa TB, anataka kuanza dawa ya kuzima TNF" anaangalia kingine.

Hapa nina jambo linalonikaa moyoni. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa namhudumia mama mmoja wa miaka hamsini na kitu. Kipimo chake cha ngozi kilifanyika kwingine, kikasomwa siku ya tano, kikaandikwa hasi. Akaanza sindano. Miezi minne baadaye akaniambia amechoka, amepungua kilo tatu, anatoka jasho usiku. Nikamwambia ni viungo, na umri wa kukoma hedhi. Baridi yabisi yenyewe huleta uchovu, hukondesha, huleta homa ndogo. Nilikuwa na maelezo ya kila kitu. Wiki tatu baadaye alivua mtandio mbele yangu kwa sababu ya joto, nikaona tezi shingoni, ukubwa wa ndimu, haiumi. Ilikuwa TB. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini tangu siku hiyo hakuna mgonjwa wangu anayeanza sindano bila mimi kumshika shingo, kwapa na kinena kwa vidole vyangu mwenyewe, na hakuna uchovu ninaoupa jina la baridi yabisi kabla sijauliza maswali ya TB.

Kwa hiyo kabla ya yote, daktari wako ahakikishe TB haijaamka. Kikohozi hata kama ni kidogo, homa za jioni, jasho la usiku, kupungua uzito, tezi, maumivu ya mgongo sehemu moja yanayokuamsha. Tena, kiungo kimoja kikubwa kilichovimba peke yake wakati vingine vimetulia, goti au nyonga, si lazima kiwe baridi yabisi. TB nayo hukaa kwenye kiungo. Kiwiko chako cha kulia umesema hakinyooki. Kama kimekuwa hivyo polepole pamoja na vidole, sina shaka nacho sana. Kama kilivimba peke yake na kinazidi, kitolewe maji yakapimwe. Ukiwa na kikohozi au picha yenye shaka, makohozi yapelekwe kwenye mashine ya GeneXpert, inayomtafuta bakteria mwenyewe. Hatua hii hairukwi, kwa sababu tiba ya kinga ni dawa moja au mbili kwa bakteria wachache waliolala. Ukimpa mwenye TB iliyoamka, unawafundisha bakteria kuizoea dawa, naye anabaki mgonjwa.

TB ikishaonekana haijaamka, mimi ningefanya hivi kwako. Kwanza nipime VVU na homa ya ini B kama hazijapimwa karibuni. VVU hunyamazisha vipimo vya TB vilevile kama prednisoloni, na homa ya ini B nayo huamka kwa sindano hizi. Halafu ningezungumza na daktari wako kama prednisoloni inaweza kushuka hata hadi 10 au 7.5, taratibu, kwa wiki kadhaa, akikuchoma sindano kwenye kiungo kinachokusumbua zaidi ili uvumilie. Usiishushe mwenyewe. Baada ya miaka ya kuimeza, tezi zako za juu ya figo zimeacha kutengeneza ya kwao, na kuikata ghafla kunaweza kukuangusha.

Kisha damu irudiwe, na siku hiyohiyo, baada ya damu kutoka, kipimo cha ngozi kiwekwe mara ya pili. Mpangilio huo una maana: protini za sindano ya ngozi zinaweza kuikumbusha kinga na kukipandisha kipimo cha damu kidogo, ndiyo maana damu hutangulia. Wewe ulishachomwa ya kwanza tayari, hilo halirudi nyuma, na kwa mtu aliyelala na bibi anayekohoa sioni kuwa ni sababu ya kulipuuza jibu chanya. Kwa kawaida ya pili hufanyika wiki 1 hadi 3 baada ya ya kwanza; kwako itachelewa kidogo kwa ajili ya kushusha prednisoloni. Kuna kinga zilizosahau ambazo huhitaji kugongewa mlango mara mbili. Ya kwanza inaziamsha, ya pili inazikuta macho. Ikisoma 5 au zaidi, ni chanya, hata kama ya kwanza ilikuwa 3.

Chanya moja kati ya ngozi na damu inanitosha. Sisubiri vikubaliane, kwa sababu kwa watu wenye baridi yabisi mara nyingi havikubaliani, na anayelipa kosa la kuamini hasi ni mgonjwa.

Na vikirudi tena bila jibu? Hapa nasema maoni yangu, na daktari aliye mbele yako anaweza kuona vingine. Mtoto aliyelala miaka miwili chumba kimoja na mtu mwenye TB ya mapafu ana uwezekano mkubwa wa kuwa alivuta bakteria. Kama itathibitika bibi alikuwa na TB kweli, na wewe hukuwahi kupewa tiba ya kinga, mimi ningekupa hata kama vipimo vimenyamaza. Kama bibi alikuwa na pumu, au moyo, ningekuwa na mkono mzito zaidi.

Tiba yenyewe si ya kuogopwa. Iko ya isoniazidi kila siku kwa miezi 6, na iko ya rifapentini pamoja na isoniazidi mara moja kwa wiki, dozi 12 basi. Iko pia rifampisini peke yake kwa miezi 4. Ya wiki 12 wagonjwa wanaimaliza vizuri zaidi, nami huielekea. Ila kwako kuna mambo mawili ya kuangaliwa. Rifapentini na rifampisini zinaifanya prednisoloni iishe haraka mwilini, kwa hiyo viungo vinaweza kuvimba wiki ya pili au ya tatu ukadhani dawa ya TB imekudhuru. Daktari aandae dozi mapema. Zinapunguza pia nguvu za vidonge na vipandikizi vya uzazi wa mpango. Mkojo utakuwa wa rangi ya chungwa, hilo lisikutishe.

La pili ni ini. Methotreksati inalielemea, isoniazidi nayo inalielemea. Kipimo cha ini kifanyike kabla ya kuanza, kisha kila mwezi, na kwa mtu wa methotreksati ningependa kimoja katikati ya mwezi wa kwanza. Pombe iwekwe pembeni kabisa. Ukipata kichefuchefu kisichoisha, mkojo mweusi kama chai ya rangi, au macho ya njano, acha dawa hizo siku hiyohiyo na uende hospitali. Usisubiri tarehe ya kliniki. Na usisahau kidonge cha vitamini B6, kinakukinga na ganzi ya miguu.

Sindano ya viungo inaweza kuanza baada ya mwezi 1 wa tiba ya kinga, si lazima uimalize yote. Hilo nalisema kwa sababu najua hofu yako ni vidole kuendelea kupinda. Mwambie daktari wako pia kama kuna nafasi ya kuchagua. Katika daftari la wagonjwa la Uingereza lililochapishwa mwaka 2010, waliotumia adalimumabu walipata TB kwa kiwango cha visa 144 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, infliksimabu 136, etanersepti 39. Hizo zote huzima TNF, ila etanersepti haivunji zizi kwa nguvu ileile. Rituksimabu inafanya kazi kwa njia nyingine kabisa na haijulikani kwa kuamsha TB. Kama unaweza kupata mojawapo kwa bei ileile, ni mazungumzo yanayofaa kufanywa. Vidonge vipya kama tofasitinibu navyo vinahitaji upimwe TB kwanza, na rifampisini huvimaliza nguvu, kwa hiyo haviendi pamoja.

Baada ya hapo usirudie vipimo hivi kila mwaka ukitaka kuona kama "TB imetoka". Vikishakuwa chanya mara nyingi hubaki chanya hata kama tiba imefanya kazi yake. Kinachofuatiliwa ni wewe: uzito, jasho, kikohozi, tezi. Katika wale wa Uingereza, nusu ya waliougua wakiwa kwenye adalimumabu waliugua baada ya mwaka mmoja na nusu au zaidi, kwa hiyo mwezi wa sita kupita salama si mwisho wa kuangalia. Na sisi tunaishi ambako mtu anaweza kuambukizwa upya kwenye daladala. Akikohoa mtu nyumbani kwako zaidi ya wiki mbili, apelekwe akapimwe, na wewe umwambie daktari wako wa viungo siku hiyo.

Kabla hujarudi kliniki, mpigie mama yako, au mjomba, yeyote aliyekuwa mkubwa wakati ule. Muulize bibi alikohoa miaka mingapi, alikohoa damu, alilazwa wapi, alichomwa sindano kila siku kwa wiki nyingi, kuna mtu mwingine wa nyumba ile aliyetibiwa baada yake. Sindano za kila siku za miaka ile, kwa mtu mwenye kikohozi kirefu, mara nyingi zilikuwa za TB. Andika majibu yake kwenye karatasi moja, ubane nyuma ya karatasi ya maabara, na umpe daktari zote mbili kwa pamoja.